Funguo, kufuli na kibao: mwongozo kwa mwenye tovuti

"Tovuti yangu haionekani." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, na siku hizi sigusi kibodi kabla sijauliza: haionekani kwa namna gani? Maneno hayo matatu hubeba maradhi manne tofauti. Mmoja tovuti yake haifunguki kabisa. Wa pili inafunguka, lakini kivinjari kinatoa onyo kabla mtu hajaingia. Wa tatu akiandika anwani anafika vizuri, ila akiitafuta Google haimo. Wa nne ndiye mwenye balaa: Google imo, lakini chini ya jina lake kuna matangazo ya dawa au maandishi ya Kijapani ambayo hajawahi kuyaandika.

La kwanza mara nyingi ni la domeni, yaani jina la tovuti, au seva, yaani kompyuta inayoitunza. La pili ni la cheti kinachothibitisha tovuti na kulinda mawasiliano yake. La tatu ni la ruhusa za roboti, yaani programu za injini za utafutaji zinazopita zikisoma kurasa. La nne ni kwamba umevunjiwa. Watu huyatibu yote manne kwa dawa moja, yaani kumlipa mtu awapandishe Google, na fedha hiyo huenda na maji.

Mimi hufuata mpangilio huu: kwanza najua funguo ziko kwa nani, kisha naangalia kama kufuli zinafunga kweli, na kibao cha mlangoni, yaani kuonekana kwenye utafutaji, nakishughulikia mwishoni. Ukianza na kibao wakati funguo ziko mfukoni mwa mtu mwingine, unampambia mwenzio nyumba.

Hatua ya 1: Andika milango yote kwenye karatasi moja

Tovuti moja ina milango mingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna akaunti kwa msajili wa domeni, yaani kampuni uliyosajilia jina. Kuna mahali zinapokaa rekodi za DNS, zile zinazounganisha jina la tovuti na seva yake, ambapo huenda ni hukohuko kwa msajili au ni kwingine kabisa. Kuna kampuni inayohifadhi faili zako kwenye seva yake. Kuna ukurasa wa usimamizi wa tovuti yenyewe. Kama unatumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ni ule wa wp-admin. Kuna Google Search Console, kifaa cha Google cha kuangalia tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji. Na juu ya yote kuna sanduku la barua pepe linalopokea viungo vya kubadilisha nenosiri, kwa sababu mwenye sanduku hilo anaweza kuingia kwingine kote.

Kwa kila mlango andika jina la kuingilia, barua pepe iliyosajiliwa, nani mwingine ana ruhusa, na tarehe ya malipo yajayo. Manenosiri usiyaandike hapo; yaweke kwenye programu ya kutunzia manenosiri.

Kwenye safu ya barua pepe ndipo watu huumia. Niliwahi kuitwa na mtu ambaye tovuti yake ilizimika ghafla. Tulipofika kwenye ukurasa wa msajili na kuomba nenosiri jipya, tukasubiri ujumbe. Haukuja. Tukaomba tena. Haukuja. Kumbe anwani aliyosajilia domeni ilikuwa ya domeni hiyohiyo: muda wa domeni ulipoisha, barua pepe nayo ikafa, na kiungo tulichokuwa tukikisubiri kilikuwa kikitumwa kwenye sanduku lisilokuwepo tena. Alikuwa amefungia funguo ndani ya nyumba. Tulizipata baada ya wiki za kutuma vitambulisho na risiti za zamani. Kwa hiyo barua pepe ya akaunti ya msajili isitegemee domeni unayoilinda.

Kwa domeni kama .com na .org, kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni, humtaka msajili akukumbushe takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, tena takriban wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Domeni ikishafutwa, kuna siku 30 za kuikomboa, na ada yake huwa kubwa kuliko ya kawaida. Domeni za nchi zina kanuni zake, zisome kabla hujazihitaji. Washa malipo ya kujirudia, hakikisha kadi iliyowekwa haijaisha muda, na washa kufuli ya uhamisho ili domeni isihamishwe kwa msajili mwingine bila wewe kuifungua.

Angalia pia jina la mmiliki kwenye usajili. Ukikuta ni la fundi aliyekujengea tovuti, mwambie alibadilishe sasa mkiwa bado mnaelewana.

Hatua ya 2: Kila mtu aingie kwa jina lake

Akaunti moja inayotumiwa na watu watano ni akaunti isiyo na mwenyewe. Siku kitu kikiharibika hutajua nani alifanya nini, na mmoja akiondoka itabidi ubadilishe nenosiri la wote, kazi ambayo kila mtu huahirisha.

Mpe kila mtu akaunti yake, na umpe cheo kinachotosha kazi yake tu. WordPress imeshakupangia ngazi: mchangiaji anaandika lakini hachapishi, mwandishi anachapisha makala zake mwenyewe, mhariri anagusa makala za wote, msimamizi anagusa kila kitu hadi plagini (programu ndogo za kuongezea tovuti kazi) na watumiaji wengine. Anayeandika makala mbili kwa mwezi hana haja ya usimamizi, hata akiuomba kwa upole. Wasimamizi wawili wanatosha tovuti nyingi: wewe, na mtu mmoja wa kukuokoa ukipoteza simu.

Kuhusu manenosiri, sahau ile desturi ya kuyabadilisha kila miezi mitatu. Tangu 2017 mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kwa kalenda, maana wakilazimishwa huongeza namba moja mwishoni na kuendelea na maisha. Nenosiri liwe refu, lisitumike mahali pengine, na libadilishwe likivuja au likishukiwa kuvuja. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila mlango wa ile karatasi, ukianza na barua pepe. Programu ya simu inayotoa tarakimu 6 kila sekunde 30 ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu inaweza kutekwa. Zile namba za akiba unazopewa siku ya kwanza, zichapishe kwenye karatasi. Ukizihifadhi ndani ya simu ileile, simu ikiibwa zimeondoka nayo.

Search Console ina mtego wake. Mtu akithibitisha umiliki wa tovuti, huacha alama: faili ndogo yenye jina linaloanza na "google" na kuishia ".html", au mstari kwenye kichwa cha ukurasa, au rekodi ya TXT kwenye DNS. Ukimwondoa mtu huyo kwenye orodha lakini ukaiacha alama yake, anaweza kuthibitisha tena kesho akarudi kuwa mmiliki. Ondoa jina, na ufute alama. Nimekuta tovuti yenye faili nne za namna hiyo, na mwenyewe hakumjua hata mmoja wa waliozileta.

Hatua ya 3: Cheti, na anwani nne ziwe moja

Hii ni fupi. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika kwamba si salama kando ya kila anwani isiyo na HTTPS (mawasiliano yaliyolindwa kwa cheti), kwa hiyo hapa hakuna mjadala tena. Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bure kwa umma tangu mwishoni mwa 2015, na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huviweka zenyewe. Tatizo halisi ni kuvihuisha. Cheti chake cha kawaida hudumu siku 90, na mwaka 2025 CA/Browser Forum, chombo kinachokutanisha watoa vyeti na watengeneza vivinjari, kiliamua kwamba ifikapo Machi 2029 cheti kipya cha umma kisizidi siku 47. Kwa mwendo huo, anayehuisha kwa mkono atasahau tu. Usingoje ukumbusho pia: Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha katikati ya 2025. Weka mfumo ujihuishe, kisha bofya alama iliyo kando ya anwani kwenye kivinjari usome tarehe ya mwisho. Rudi baada ya miezi miwili uone kama imesogea.

Baada ya hapo, jaribu anwani zote nne: yenye http na yenye https, yenye www na isiyo nayo. Zote ziishie mahali pamoja. Kwenye dirisha la amri andika:

curl -I http://www.mfano.example

Unataka kuona jibu la 301, namba ya seva inayosema ukurasa umehama moja kwa moja, na chini yake mstari wa Location ukitaja anwani uliyoichagua. Ukiona 200, yaani ukurasa umetolewa hapohapo, kwenye anwani mbili tofauti, unaendesha nakala mbili za tovuti moja, na injini ya utafutaji italazimika kukuchagulia ipi ni ya kweli. Ukiona 302, maana yake umesema umehama kwa muda tu. Kwa uhamisho wa kudumu tumia 301.

Hatua ya 4: Punguza vya kulinda, kisha linda vilivyobaki

Tovuti nyingi ndogo hazivunjwi na mtu aliyekulenga wewe. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikigonga kila mlango, zikitafuta plagini fulani ya toleo fulani lenye tundu linalojulikana. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kupunguza milango ya kugongwa.

Fungua orodha ya plagini na ujiulize kila moja inafanya nini. Usiyoitumia, ifute. Kuizima hakutoshi, kwa sababu faili zake bado ziko kwenye seva na zinaweza kuitwa moja kwa moja. Fanya hivyohivyo kwa themu za zamani, yaani mavazi ya tovuti. Zilizobaki ziruhusu zijisasishe. Najua kuna anayeogopa kwamba sasisho litavunja muonekano. Muonekano uliovunjika utaurekebisha jioni moja, kuvunjiwa kutakula mwezi. Plagini ya kulipia inayogawiwa bure kwenye tovuti ya pembeni usiiguse, maana aliyeivunja kufuli mara nyingi ameongeza chake ndani. Ruhusa za faili kwenye seva ziwe 755 kwa folda na 644 kwa faili. Ukikuta 777, yaani yeyote anaweza kuandika, mahali popote, kuna mtu alichoka kutafuta tatizo akaamua kuondoa mlango.

Kisha nakala rudufu. Kanuni ya zamani bado ni nzuri: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya mahali unapofanyia kazi. Nakala iliyo kwenye seva ileile ya tovuti sihesabu. Na nakala ambayo hujawahi kuirudisha pia siihesabu mpaka uijaribu kwenye folda ya pembeni na kuona kurasa zinafunguka, picha zipo, na hifadhidata imo.

Hapa nina aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nahamisha tovuti kutoka seva moja kwenda nyingine. Nikafunga kila kitu kwenye faili moja ya zip, nikaiweka kwenye folda ya umma ili niipakue haraka kutoka upande wa pili, nikamaliza kazi, nikalala. Siku tatu baadaye nilikuwa nasoma kumbukumbu za seva kwa jambo lingine kabisa, nikakutana na mstari wa namna hii:

203.0.113.45 - - [14/Mar/2021:02:17:09 +0000] "GET /backup.zip HTTP/1.1" 200 48211930

Usome taratibu. Mwanzoni ni anwani ya aliyekuja. Katikati ni alichoomba. Ile 200 maana yake amepewa. Namba ya mwisho ni baiti alizoondoka nazo, kama megabaiti 48: tovuti nzima, pamoja na wp-config.php yenye nenosiri la hifadhidata. Hakuwa na akili ya ajabu. Juu ya mstari huo kulikuwa na maombi mengine kutoka anwani hiyohiyo: /site.zip, /www.zip, /.env, /.git/config, yote yakijibiwa 404, yaani hakuna. Alikuwa anakisia majina ambayo watu wavivu huyatumia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Usiku ule nilibadilisha kila nenosiri lililokuwamo.

Basi fungua kivinjari sasa hivi uandike anwani ya tovuti yako ukiongeza /.env, kisha /.git/config, faili za mipangilio zisizotakiwa kuonekana, kisha jina la faili lolote la nakala unalokumbuka kuliacha. Unachotaka ni 403, yaani huruhusiwi, au 404. Jaribu pia folda ya picha bila jina la faili. Ukiona orodha ya vilivyomo, zima uorodheshaji kwenye seva.

Hatua ya 5: Kuficha na kufunga ni vitu viwili

Kosa ninalolikuta kuliko mengine yote ni mtu kuweka kitu cha siri kwenye tovuti, kisha kukilinda kwa robots.txt, faili inayoziambia roboti zisiende wapi. Faili hiyo ni ya adabu tu. Utaratibu wake ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukaishi kwa mazoea kwa karibu miaka 30, na ukawa kiwango rasmi, RFC 9309, mwaka 2022. Kiwango hicho chenyewe kinasema wazi kwamba huo si ulinzi. Roboti yenye adabu inasoma na kutii. Isiyo na adabu inasoma pia, kwa hamu zaidi, maana umeiandikia orodha ya mahali usipotaka iende. Ukiandika "Disallow: /mishahara/", umemtangazia kila mtu kwamba kuna folda ya mishahara.

Kwa hiyo jiulize unataka nini hasa. Kama hutaki mtu asiyeruhusiwa asome, weka nenosiri kwenye seva; hakuna njia ya mkato. Kama mtu akifika si neno, ila hutaki ukurasa utokee kwenye matokeo ya utafutaji, tumia noindex: mstari mmoja kwenye kichwa cha ukurasa, au kwa faili za PDF, kichwa cha majibu ya seva kiitwacho X-Robots-Tag. Kama unataka tu roboti zisipoteze muda kwenye kurasa zisizo na maana, kwa mfano matokeo ya utafutaji wa ndani ya tovuti, hapo robots.txt ndiyo kazi yake.

Usizichanganye mbili za mwisho kwenye ukurasa mmoja. Ukiizuia roboti kwa robots.txt, haitaufungua ukurasa, na isipoufungua haitaliona neno noindex. Matokeo yake anwani inaweza kubaki Google bila maelezo, ikining'inia kama jina la duka lililofungwa. Google iliacha kutambua noindex iliyoandikwa ndani ya robots.txt yenyewe tarehe 1 Septemba 2019, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayokushauri hivyo yamepitwa na wakati.

Sasa angalia faili hizi mbili. Ya kwanza:

User-agent: *
Disallow: /

Ya pili:

User-agent: *
Disallow:

Tofauti ni mkwaju mmoja. Ya kwanza inafukuza roboti zote kwenye tovuti nzima, ya pili inaziruhusu zote. Fundi huweka ya kwanza wakati wa ujenzi ili kazi isionekane kabla haijakamilika, kisha siku ya uzinduzi anasahau. WordPress ina kisanduku cha namna hiyo kwenye mipangilio ya usomaji, cha kuziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Mtu mmoja alikaa miezi saba akiandika makala nzuri kila wiki huku kisanduku kile kimewekwa tiki. Tulikitoa kwa sekunde tano. Nilitaka kucheka, ila uso wake ulinizuia.

Roboti zinazokusanya maandishi ya kufundishia akili unde zina majina yake, na unaweza kuzitaja moja moja kwenye robots.txt: GPTBot ya OpenAI, CCBot ya Common Crawl, na Google-Extended, ambayo si roboti yenyewe bali ni jina la kutajwa kwenye robots.txt tu. Hii ya mwisho ukiizuia haikuondoi kwenye utafutaji wa Google, kwa sababu Googlebot ndiyo inayoshughulika na utafutaji. Uamuzi ni wako, ila kumbuka bado unaomba adabu.

Na roboti inaweza kudanganya jina. Mtu yeyote anaweza kujiita Googlebot. Ukishuku, chukua anwani iliyo kwenye kumbukumbu na uiulize DNS kinyumenyume:

host 66.249.66.1

Ikirudisha jina linaloishia googlebot.com, liulize jina hilo nalo, uone kama linarudi kwenye anwani ileile. Yakikubaliana, ni yenyewe. Fanya hivi kabla ya kuifungia, kwa sababu kosa la upande wa pili ni baya zaidi: faiwoli, yaani kinga inayochuja wanaoingia, ikikazwa kupita kiasi humfukuza Googlebot halisi pamoja na wahuni. Dalili yake ni ya ajabu. Wewe unaifungua tovuti bila shida, wageni vilevile, lakini kurasa zinapungua Google siku hadi siku. Angalia hasa faili ya robots.txt yenyewe inajibu nini. Ikijibu 404, roboti huchukulia kwamba hakuna katazo. Ikijibu makosa ya seva, ya 500 na kuendelea, huchukulia kwamba imezuiwa kila mahali, angalau kwa muda.

Hatua ya 6: Sasa kibao

Ongeza tovuti kwenye Search Console kama domeni nzima, kwa kuweka rekodi ya TXT kwenye DNS. Njia hii inashika http, https, www na vijidomeni vyote kwa mkupuo mmoja. Kisha tuma ramani ya tovuti, yaani faili yenye orodha ya anwani za kurasa zako. Faili moja ya ramani inabeba hadi anwani 50,000 au megabaiti 50 kabla ya kubanwa, kiasi ambacho wengi wetu hatutakifikia. Ndani yake ziwemo kurasa unazotaka zionekane tu. Ukiweka zenye noindex au zinazohama kwa 301, unatoa maelekezo yanayopingana.

Chukua ukurasa wako muhimu kuliko yote uupitishe kwenye kifaa cha kukagua anwani. Kitakwambia kama umo kwenye faharasa, ni lini ulitembelewa mara ya mwisho, na anwani ipi Google imeichagua kuwa ya asili. Ikiwa imechagua nyingine kuliko unayoitaka, rudi hatua ya 3.

Kwenye maandishi yenyewe sina mengi. Kila ukurasa uwe na kichwa chake kinachosema ndani mna nini. Kurasa 40 zinazoitwa "Karibu" hazimsaidii mtu. Ule mstari wa maneno muhimu uliofichwa kwenye kichwa cha ukurasa Google ilisema tangu 2009 kwamba haiutumii, kwa hiyo anayekuuzia huduma ya kuujaza mwache apite. Ukiandika kwa Kiswahili, weka lang="sw" kwenye msimbo: Google yenyewe hutambua lugha kwa kusoma maandishi, lakini programu zinazowasomea wasioona huhitaji kuambiwa, la sivyo zitayatamka maneno yetu kwa matamshi ya lugha nyingine. Na uufungue ukurasa kwa simu, kwa maana Google huorodhesha kwa kutazama toleo la simu kwanza.

Ukihamisha ukurasa, uelekeze kwa 301 kwenye ukurasa unaofanana nao. Kuelekeza kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo ni kumpeleka mgeni sebuleni alipoulizia chumba. Kama kitu kimeondoka moja kwa moja, 404 au 410, yaani kimeondolewa, ni jibu la heshima. Na ukifunga kwa matengenezo, seva ijibu 503 ili roboti ijue irudi baadaye. Ukurasa mzuri wa "tunarudi hivi punde" unaojibu 200 utaorodheshwa kama ulivyo, na ndio watu watakaouona wakikutafuta.

Hatua ya 7: Siku ukivunjiwa

Andika Google site: ikifuatiwa na domeni yako bila nafasi. Hii ifanye kila mwezi hata kama huna shaka. Ukiona vichwa vya dawa, saa za bei rahisi au maandishi ya lugha usiyoijua, umevunjiwa, hata kama ukifungua tovuti inaonekana safi. Wavamizi wa aina hii huonyesha uchafu kwa Googlebot tu na kukuachia wewe sura ya kawaida. Kifaa cha kukagua anwani ndani ya Search Console kitakuonyesha kile Google inachokiona.

Usianze kufuta. Nakili kila kitu kwanza, faili na hifadhidata na kumbukumbu za seva, kwa sababu humo ndimo utakamojua walipitia wapi. Weka tovuti kwenye 503. Kisha, kwa kompyuta nyingine unayoiamini, badilisha manenosiri kwa kufuata karatasi ya hatua ya 1, ukianzia barua pepe. Kwenye WordPress badilisha na zile funguo za siri zilizomo ndani ya wp-config.php, maana kuzibadilisha humtoa nje kila aliyekuwa ameingia, pamoja na mvamizi.

Tafuta mlango wa nyuma. Folda ya picha haina sababu ya kuwa na faili za PHP, yaani msimbo ambao seva huutekeleza, kwa hiyo amri hii hufichua mengi:

find wp-content/uploads -name "*.php"

Kila inachokitaja kikague. Angalia pia .htaccess (faili ya mipangilio ya seva), kazi zilizoratibiwa kwenye seva, watumiaji wenye usimamizi usiowajua, na wamiliki wapya ndani ya Search Console, kwa sababu wavamizi hupenda kujithibitisha hapo ili wazitume ramani zao wenyewe. Usitegemee tarehe za faili peke yake; zinaweza kughushiwa.

Usafishaji wa kuchambua faili moja moja hauniridhishi, daima hubaki kimoja. Ni heri kupakua WordPress na plagini upya kutoka kwenye chanzo chake, na kurudisha maudhui kutoka nakala ya kabla ya uvamizi. Ziba tundu kabla ya kuifungua tovuti kwa umma, la sivyo watarudi usiku huohuo kwa njia ileile.

Kama Search Console imekuwekea onyo la usalama, omba uhakiki na ueleze kwa sentensi chache ulikuta nini, ulifanya nini, na tundu lilikuwa wapi. Jibu huchukua siku chache hadi wiki kadhaa kutegemea aina ya uvamizi. Zile anwani za uchafu, ambazo huenda ni maelfu, ziache zijibu 404 au 410. Usizizuie kwa robots.txt ukidhani unaharakisha, maana roboti isipofika haitajua kwamba zimeondoka. Kifaa cha kuondoa anwani kinazificha kwa takriban miezi 6 tu, kinafaa kwa ile michache inayokutia aibu leo. Nyingine zitapungua zenyewe. Rudia ile site: kila wiki na uandike idadi ya zilizobaki.